Kipindi Chetu Hakifiki Uingereza

Jumamosi, 3 Mei

Nimefunga duka langu la kinyozi mapema. Vijana wawili walikuwa bado wanangoja zamu, nikawaambia warudi kesho baada ya kanisa. Mmoja akanuna. Anune.

Chombo kimerudi. Stesheni ilikuwa imetuacha hewani muda mrefu, halafu wiki hii wakatangaza: msimu wa mwisho, kila Jumamosi baada ya taarifa ya habari. Jina lake la Kiingereza ni refu, mimi na Imali tunakiitanga Chombo tu. Ni hadithi ya Wamarekani waliotumwa angani kutafuta dunia nyingine ya kuishi. Tulianza kukitazama kabla sijamwoa, kwa chumba alichopanga hapa Shieywe, antena imefungwa kwa waya wa kuanikia nguo.

Leo nimekitazama mtoto wetu Ayuma akiwa amelala kwa paja langu. Mama yangu alikuwa jikoni. Upande wa Imali wa kochi ulikuwa mtupu. Nikaweka mto hapo. Ikawa mbaya zaidi. Nikautoa.

Nilimwandikia: Kimeanza! Kule mnakiona?

Akajibu kutoka Leeds, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya uuguzi: Huku hakionyeshwi, Baba Ayuma. TV ya bure hawaleti hizo za Wamarekani za angani. Ni mapishi na minada ya vikombe vya kale tu.

Nimeshangaa. Kakamega tunakipata bure, Uingereza hawakipati.

Jumapili, 4 Mei

Nimemrekodia sauti. Ndefu. Nimemsimulia yote: chombo kimeharibika injini, rubani amemficha kapteni ukweli, na yule Daktari Lena, aliyeacha mtoto mchanga duniani kwa jirani, ameanza kuota mtoto anamwita. Nimeiga hata mlango wa chombo ukifunguka. Mama alichungulia kutoka jikoni akadhani nimeumwa.

Imali amesikiliza. Amejibu neno moja: Asante.

Imali ninayemjua angeniuliza maswali hadi nichoke.

Alhamisi, 8 Mei

Siku mbaya.

Imali alipiga simu ya video jioni. Ayuma alikuwa anakula, obusuma, ugali wetu, imejaa kidevuni. Imali akamwambia kwa sauti ile ya kubembeleza, "Ayuma, shika simu. Ongea na mama."

Ayuma akaichukua simu vizuri, kwa mikono yote miwili. Akaipeleka jikoni. Akampa mama yangu.

Alielewa alichoambiwa. Kwake mama ni huyo. Imali aliondoka mtoto ndiyo anaanza kusimama dede, sasa anaelekea miaka mitatu. Mama yangu ndiye anayemwogesha, anayemlaza, anayemfukuzia kuku. Tumemfundisha kusema kukhu, kama watoto wengine wanavyomwita nyanya. Hataki.

Imali alicheka. Nilikuwa naangalia uso wake. Mdomo ulicheka peke yake.

Jumamosi, 10 Mei

Sehemu ya pili. Stima ilipotea katikati, ikarudi Daktari Lena akiwa analia na sikujua kwa nini. Nikamsimulia Imali hivyo hivyo, na pengo lake.

Amesikiliza. Hakujibu.

Jumanne, 13 Mei

Wanjala alikuja kunyolewa. Ana duka la vipuri vya pikipiki mlango wa pili, na kakake anaishi Birmingham, kwa hiyo Uingereza yote anaijua yeye. TV ya kinyozi ilikuwa inatangaza Chombo.

"Hii?" akasema. "Hii kakangu ameimaliza zamani. Iliisha huko mwaka jana."

Nikamwambia kakake lazima analipia.

"Hapana. Ya bure kabisa, antena tu. Mwenyewe aliniambia."

"Mke wangu yuko huko. Anasema hawaonyeshi."

"Sasa sikiza. Ziko zinazofika, na ziko za wenye kulipia pekee. Kakangu hulalamikanga kila siku, anaanza moja, halafu inahamishwa kwa walipaji inamwacha njiani. Lakini hii ilifika. Mpaka mwisho. Labda bibi yako hana wakati."

Vijana kwenye benchi wakacheka. Si kwa ubaya. Nikamkwaruza Wanjala sikio, kidogo, damu ikatoka. Nikampaka spiriti. Akaruka.

Jumatano, 14 Mei

Nimenyoa vibaya siku nzima.

Kitu chenyewe ni kidogo. Kipindi cha televisheni. Mtu anadanganyia nini hapo? Angesema ana jambo kubwa ningejua pa kushika.

Labda anakitazama na mtu. Nimeandika. Sasa nimeliona kwa macho na ni ujinga, lakini silifuti.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemuuliza. Nilijaribu kuuliza kama mzaha.

"Mama Ayuma, una hakika hicho kipindi hakifikangi huko?"

Nikasikia mzee fulani anakohoa nyuma yake, na gari la chai likisukumwa.

"Kwa nini unauliza?"

"Wanjala anasema kakake amekiona chote. Bure."

"Nimechoka, Baba Ayuma. Zamu imekuwa ndefu." Akakata.

Hakusema Wanjala ni mwongo.

Jumamosi, 17 Mei

Sikuwasha TV. Ayuma alisimama mbele yake akaigonga kioo. Kile chombo yeye hukiita ndege ya moto. Nikampa simu acheze. Akaitupa.

Jumatatu, 19 Mei

Imali hajapiga tangu Ijumaa. Mimi pia sijapiga. Tumekuwa watoto.

Mama aliniwekea chakula akaketi, na yeye huwa haketi mimi nikila. Akataka kujua kuna nini. Nikamwambia. Alikuwa anachambua tsimboka, hakuinua kichwa.

"Ulimuuliza, ama ulimshitaki?"

Nikasema nilimuuliza.

"Mbele ya nani ulisikia hayo maneno ya Wanjala?"

Mbele ya benchi zima.

"Basi ulimshitaki," akasema. Akaendelea na mboga.

Jumatano, 21 Mei

Nataka kuandika hii vizuri nisije nikaisahau.

Imali alipiga mchana, kinyozi kimejaa. Nikamwachia kijana niliyekuwa nikimnyoa mashine kichwani, nusu amenyolewa, nikatoka nyuma penye mapipa ya maji.

Akasema, "Nimekiona. Chote. Kilikuwa kwa TV ya bure, kwenye ukumbi wa wazee. Kuna bibi mmoja anakipenda, alikuwa ananiitia nikae naye. Nilikuwa nasubiri kiishe nikusimulie."

"Sasa kwa nini ulisema hakionyeshwi?"

"Kwa sababu ya mwisho wake."

Nikasogea mbali na mlango.

"Daktari Lena anarudi nyumbani," akasema. "Wote wanarudi. Wengine wanakumbatiwa. Yeye anakuta msichana amesimama nyuma ya sketi ya yule jirani, anauliza, huyu ni nani? Basi. Wanazima hapo. Bibi yule alipiga makofi, akasema ni mwisho mzuri. Mimi nilienda nikajifungia bafuni, Baba Ayuma. Wazee wanangoja dawa na mimi niko bafuni."

Pale nje jua lilikuwa kali na mtu alikuwa anauza mahindi ya kuchoma.

"Sikutaka uone hiyo na Ayuma yuko kwa paja lako. Nilijua utanifikiria mimi. Halafu ukaanza kunirekodia, na unasimulia kwa furaha, unaiga mpaka mlango. Ningesema nini?"

Kisha akasema lingine, na hili ndilo lililonikalisha chini juu ya ndoo. Ana likizo Agosti. Alishapewa zamani. Hakuniambia kwa sababu alikuwa anafikiria kuikataa, aombe zamu za ziada badala yake.

"Naogopa kuja," akasema. "Nikiwa huku naweza kusema hanijui kwa sababu ya simu. Mtoto hajui simu. Nikija, nitasema ni kwa sababu ya nini?"

Nilimwambia njoo. Nilitaka kusema maneno mazuri, hayakuja. Nikasema njoo tu. Nikarudia. Analia, mimi nalia, yule kijana akatoka nje na shuka shingoni kuniuliza kama nitammaliza.

Alhamisi, 22 Mei

Nimefikiria kumwomba Wanjala msamaha kwa lile sikio, lakini kakake alisema kweli na yeye anajua, atajisifu. Nimemnunulia soda.

Jumamosi, 24 Mei

Nimewasha TV. Nikamwandikia Imali kwamba sitasimulia tena kama hataki.

Akajibu: Simulia. Ukifika sehemu ya mwisho acha. Mpaka hapo nataka kusikia.

Nikamrekodia. Mara hii akanipigia hata kabla sijaweka simu chini, akinirekebisha. Rubani hakuwa mwongo, eti, alikuwa anamlinda kapteni. Na mlango haulii vile. Tukabishana hadi mama akatuambia mtoto amelala. Anajua yote na bado anataka nimwambie. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumatatu, 26 Mei

Amekata tikiti. Anakuja.

Jumamosi, 28 Juni

Leo ilikuwa sehemu ya mwisho. Hatukuitazama. Nilimbeba Ayuma mabegani tukaenda kununua mandazi, tukarudi kipindi kimeisha na wanaonyesha soka.

Alhamisi, 7 Agosti

Kesho. Nimenyoa ndevu. Mama amefua mapazia, na yalikuwa safi. Ingokho, yule kuku mwekundu, amekamatwa, amefungwa mguu, hajui.

Nimemwonyesha Ayuma picha. Huyu ni nani? Anasema, "Wa simu."

Ijumaa, 8 Agosti

Amefika.

Nilimpokea uwanja wa ndege wa Kisumu. Amekonda. Nilimshika hadi watu wakatuzunguka na mizigo yao. Njia yote kuja Kakamega alinishika mkono, na tulipokaribia mjini akaanza kujipangusa uso kila mara, kama mtu anayeenda kuhojiwa kazi.

Ayuma alikuwa mlangoni na mama. Alipoona mgeni akaingia nyuma ya leso ya mama. Akatoa jicho moja.

"Nani huyu?"

Kwa Kiswahili safi. Kila mtu akasikia.

Nilimwangalia Imali. Nilifikiri ataanguka. Hakuanguka. Alichuchumaa pale pale uani, na viatu vyake vya safari, akasema, "Mimi naitwa Imali. Wewe unaitwa nani?"

Ayuma akafikiria. Akamwambia jina lake. Kisha akakimbia.

Imali alibaki amechuchumaa. Mama akaja akamwinua, akamwita mwanangu, wakaingia ndani wameshikana. Mimi nikabaki na masanduku.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama ameondoka. Asubuhi na mapema, kikapu mkononi, eti dadake wa Navakholo ana mguu unaomsumbua. Huo mguu hatujausikia kamwe.

Nilimsindikiza hadi kwa boda. Nikamwambia, Mama, mtoto atalia.

"Atalia," akasema. "Nikiwa pale atanikimbilia mimi." Macho yake yalikuwa mekundu. Hakutaka nimwangalie. Akamwambia mwenye boda aende polepole kwa sababu ya barabara ya murram, na mtu wa boda hakuwa hata amewasha pikipiki.

Ayuma alilia. Alimtafuta mama yangu jikoni, chooni, nyuma ya kibanda cha kuku. Imali alimfuata kila mahali bila kumgusa. Uji alikataa. Kuogeshwa alikataa, nikamwogesha mimi. Imali alikaa sebuleni anasikiliza maji.

Jumapili, 10 Agosti

Hatukwenda kanisani. Mvua.

Ayuma anamwita auntie. Ni heshima, tumemfundisha hivyo wageni wote wa kike. Kila akisema, Imali anaitika. Vizuri kabisa, "Naam, Ayuma." Halafu anaenda kuangalia mvua.

Nampenda huyu mwanamke. Naandika kwa sababu sikumwambia leo, na ilikuwa leo ya kumwambia.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemwambia, asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Akanipiga bega.

Mchana nilipita nyumbani. Imali alikuwa kwenye ngazi anakula muwa, anauchana maganda kwa meno kama alivyofanya akiwa msichana kwao Shianda. Ayuma amesimama mbali, mdomo wazi. Imali hakumwita. Alikata pingili, akaisafisha, akaiweka kwenye ngazi, mbali kidogo na goti lake. Akaendelea kutafuna, anaangalia barabara.

Mtoto alikuja akaichukua. Akarudi mbali. Akaja tena kutaka nyingine.

Nilirudi kinyozi sijaonekana.

Jumatano, 13 Agosti

Kazi ilikuwa chache. Nimerudi mapema.

Imali alikuwa anaosha vyombo uani, mimi nimeketi kwa kiti cha plastiki. Ayuma akaamka kutoka usingizi wa mchana, akatoka na kiatu kimoja mkononi. Alinipita. Nilinyoosha mkono nimvalishe, kama siku zote, akanipita. Akaenda hadi kwa Imali, akaketi chini kwenye maji yaliyomwagika, akamwekea mguu juu ya paja.

Hakumwita jina lolote.

Imali alifuta mikono kwa gauni. Akaangalia ule mguu muda mrefu. Akauvalisha kiatu, akafunga kamba taratibu, na alipomaliza mtoto hakuondoka.