Swali la Nne

Jumamosi, alasiri. Joto la kungoja mvua, vumbi jekundu, shati limenigandia mgongoni.

Itangazwe kwa wakaaji wote wa Katanga na nchi jirani: leo, mbele ya wanafunzi kumi na mmoja na mbuzi mmoja aliyechungulia dirishani (nilijifanya simfahamu), mimi, mwanaume mwenye mvi na magoti yanayolia, nimesifiwa darasani. Mwalimu Norbert aliinua daftari langu kama padri anavyoinua hostia, akasema, "Majibu kamili, hakuna nafasi tupu. Hii njo kazi." Nikapigiwa makofi. Nilipomweleza mke wangu Veronika, aliuliza kama makofi yanapikwa na nyanya ao bila nyanya.

Nimechoka, shajara. Na kazi yenyewe bado haijaanza.

Miaka kumi na tisa nilipiga pasi katika nyumba ya Mzungu mmoja hapa Lubumbashi. Uhuru ulipokuja, na siku chache baadaye Katanga ikajitenga, yeye alifunga masanduku akaenda zake. Aliniachia meza, koti lake kuukuu na pasi mbili za makaa. Nikawa na pasi mbili, na shati la mtu hakuna. Ndipo nikajiandikisha masomo ya Jumamosi pale parokia, ya kufundisha watu namna ya kuanzisha biashara. Benchi zilitengenezwa kwa ajili ya watoto. Nikisimama, benchi nayo inasimama pamoja nami.

Tunapaswa kufungua Jumatatu, mimi na Mama Ngalula. Huyu ni jirani yetu, mjane wa kutoka Kasai mwenye mabinti watatu, fundi wa kushona anayeheshimiwa njia nzima. Yeye atashona, mimi nitanyoosha, barazani kwake, maana baraza lake linatazama barabara na langu linatazama choo. Kibao tumeshaandika: KUSHONA NA PASI. Tulibishana juma zima neno gani litangulie. Alishinda.

Lakini tangu Alhamisi mlango wake una kufuli.

Darasani sikulisema hilo. Kwa Veronika nilisema labda ameenda kumtembelea dada yake. Veronika aliendelea kuchambua mboga.

Yote yalianza na kazi ya nyumbani. Mwalimu alisema kwamba kabla ya kufungua duka lazima uende kuwauliza watu watakaokuwa wateja wako. Akatuandikia maswali manne ubaoni. Nyumba hii ina watu wangapi? Nguo ngapi zinapigwa pasi kila juma? Nani anazipiga? Na la nne: mulitoka wapi? Alieleza kwamba watu wa kila upande wana namna yao ya kupenda nguo. Ni kijana mwema, aliyatoa katika kitabu cha Ubelgiji. Kitabu hakiijui njia yetu.

Mimi je? Mimi naijua.

Mimi ni mtu wa Kasenga, hapahapa Katanga. Ukiniuliza nilitoka wapi, nitakujibu, nitakuongezea na habari za samaki. Lakini mjini humu, siku hizi, swali hilo linaulizwa na vijana wenye fimbo na askari wanaoshuka kwenye malori, na mtu wa Kasai, anayeitwa mgeni tangu Katanga ilipojitenga, akijibu vibaya usiku huo halali nyumbani kwake. Familia zao zimekuwa zikiondoka moja moja kwenda kambini, kule nje ya mji, wanakolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu. Magodoro yao mengine niliyabeba mimi mwenyewe, kichwani.

Na bado nikachukua penseli.

Nyumba nyingi zilinipokea vizuri. Mzee Kapapa aliniambia ana shati moja tu, linangoja maziko yake. "Siku ile nitakuletea miye mwenyewe," akasema.

Sasa niandike ilivyokuwa kweli, maana hapa hakuna wa kunipigia makofi.

Jumatano nilimwacha Mama Ngalula awe wa mwisho, kwa kuwa ni wetu. Nilitaka kumchekesha. Nilivaa lile koti la Mzungu, nikaweka penseli sikioni, nikamkuta anaanika nguo. Nikaongeza sauti ya serikali: "Mama, mu hii nyumba muko bantu bangapi?"

"Banne, chefu. Batano ukiesabu mbuzi yako anayekulaka mboga yangu."

Tulicheka hadi swali la tatu. La nne nililitoa na sauti ileile. Hakucheka. Shati lilibaki mikononi mwake, likidondosha maji miguuni.

"Baba Yozefu, nani alikutuma kuandika ile?"

"Mwalimu, mama. Ni ya masomo tu."

"Na ile daftari itaenda wapi kiisha?"

"Ataisoma mbele ya bantu," nikasema. Nilisema kwa majivuno, Mungu anisamehe.

Akalitandaza shati kambani polepole, akalinyoosha kola. "Andika: hapa. Tulitoka hapa."

Ningaliandika hivyo. Herufi nne tu. Lakini nilijua jibu, na Mwalimu anapenda majibu kamili. Nikaandika: Kasai. Mama Ngalula anasoma kuliko mimi. Aliona.

Asubuhi yake, kufuli. Nguo zilibaki kambani. Jirani wa kona aliwaona alfajiri, mama na mabinti wake na mashine ya kushona juu ya baiskeli, wakishika njia ya kambini.

Leo baada ya makofi nimeziondoa kambani zote. Nimewasha makaa, nimezipiga pasi, na lile shati nimelirudia mara mbili. Kesho kabla ya misa nitakwenda kwa Mwalimu, aliyebaki na daftari langu, kuchana ule ukurasa, hata akikasirika. Kisha nitazibeba nguo hadi kambini, bila koti, bila penseli.

Watu wanasema kwamba pale langoni, kabla hujaingia, wanakuuliza kwanza ulitoka wapi.

Nitajibu nini?