Uso wa Mbeba Bunduki

Abu Hamour, Doha
12 Januari 2024

Shikamoo Baba,

Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku nayo imenishangaza.

Nyumba ninayofanyia kazi ina kuta zilizojaa picha za makabaila wa Ulaya wakiwinda kulungu na mbwa wao. Nikipangusa vumbi nilimwambia bosi, "Hizi hazikuchorwa kwa kalamu. Mtu alikwaruza nta juu ya shaba, akaiacha asidi itafune mistari." Akauliza nani kanifunza. Nikasema, "Baba yangu, mwalimu wa sanaa."

Sasa ameninunulia vifaa. Anataka picha ya marehemu baba yake akiwinda nyati kwetu Kenya zamani, nikiifuata picha ya kamera aliyo nayo. Ikimpendeza, atanihamishia karakana ya rafiki yake ya kuchapa picha. Sitafulia watu tena.

Nyuma ya mwindaji yupo mbeba bunduki, uso hauonekani. Nimempa uso wa Babu.

Binti yako,
Nafula

Kimilili
3 Februari

Mwanangu Nafula,

Marahaba. Mguu bado, lakini natembea. Mama anakusalimu sana.

Barua yako ilinikalisha chini. Babu yako alikufa nikiwa darasa la tatu. Alikuwa akimbebea tajiri mmoja bunduki. Tajiri alimjeruhi nyati, akapanda mti, akamwacha yeye chini. Gazeti liliandika urefu wa pembe. Jina la babu yako halikuwemo.

Nitumie nakala niitundike sebuleni. Na ufungue dirisha ukitumia asidi.

Baba yako

Abu Hamour
20 Aprili

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kunyamaza. Natumai nyote hamjambo.

Bosi aliitazama nakala ya kwanza, akaweka kidole juu ya Babu. "Huyu anavuta macho. Mtoe." Nikamweleza ni nani. "Pole," akasema, "lakini hii ni picha ya baba yangu." Akaichana.

Nilikwangua shaba siku mbili, nikaisugua mpaka ikang'aa. Aliposimama Babu sasa pana kichaka. Jumapili nahamia Najma, karibu na karakana.

Nikutumie hii?

Binti yako,
Nafula

Najma
9 Juni

Shikamoo Baba,

Mama ananiambia mko salama, ila nikipiga simu unatoka nje. Nitukane basi, lakini niandikie.

Binti yako,
Nafula

Kimilili
30 Juni

Nafula,

Sisi wazima.

Yule tajiri nimemlaani miaka hamsini, na hakumjua hata jina aliyemwacha pale. Wewe ulimjua. Kukwangua shaba nilikufunza mimi, hilo silikani.

Picha usiitume.

Jeremiah