Kwa Baba, Kuhusu Matembezi na Mtumbwi wa Wakenya

Baba,

Shikamoo. Najua sitaisikia marahaba yako, lakini bila shikamoo ungeninunia hata huko uliko, useme mtoto kasoma akasahau adabu. Basi shikamoo, na wewe nyamaza tu, nitajiitikia mwenyewe.

Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu hapa sokoni Mwaloni, nimekalia gunia la dagaa. Wateja leo wamepungua, watu wamechoka na jana. Jana tumetembea, Baba. Nusu ya soko: wachuuzi wa dagaa, wabeba mizigo, mama lishe, madereva wa malori, wote mguu mosi mguu pili kutoka hapa hadi viwanja vya Furahisha, kwa amani kabisa, tukiimba kwamba sisi na Wakenya ni ndugu. Ndiyo, umesikia vizuri. Wakenya. Na mwanao nilikuwa humo ndani, na kibendera chao mkononi. Ngoja nikueleze kabla hujanilaani.

Kwanza ujue hali. Tangu utuache, mambo ya mpakani yameharibika. Leo mahindi yamezuiwa, kesho malori yamelala Sirari, keshokutwa vijana wa huku na wa kule wanatukanana kwenye simu mpaka unaona aibu kusoma. Wanunuzi wetu wa dagaa kutoka kule wakaanza kupungua. Mama Suzi wa kibanda cha pili anasema walikuwa wanaogopa kupigwa. Mimi nilisema wasije, tutakula dagaa wenyewe. Unanijua. Hilo jino sikuliota peke yangu, ni lako. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akikuchekea bila sababu, kawaangalie kuku wako kama bado wapo.

Na mimi sababu ninayo. Wakenya walikurudisha kwetu bila mashine ya boti yako.

Sijawahi kukueleza ilivyokuwa, maana kaburini siku ile nilishindwa hata kutamka jina lako. Ulipotoka kwenye kambi ya dago kule Majita peke yako, vijana umewaacha wanaanika samaki, upepo wa kusini ulikuja mbaya. Tulikutafuta hadi visiwani. Baadaye ndiyo tukapigiwa simu kwamba wavuvi wa Kenya wamekuokota upande wao, uko hospitali kule, yaani chumba cha maiti. Mdogo wangu Mafuru na baba mdogo wakakufuata. Mafuru alirudi na jeneza na hasira. Akasema wale wavuvi walikuwa wamesimama getini, kofia mkononi, mmoja akamshika mkono akitaka kumwambia jambo. "Wanataka hela, dada, niliona machoni," akaniambia. "Halafu mashine haipo. Waulize nani kaila." Akaunyofoa mkono wake, akapanda gari. Na mimi nikamsifu. Nikasema safi sana, wezi wale, hawakustahili hata asante.

Tangu hapo nimekaa na hiyo mashine kifuani. Kila nikimwona Mkenya ananunua dagaa, namtazama mikono, najiuliza kama ndiye. Mama amehamia kwangu, hali dagaa tena. Redio yako nayo imehamia kwangu, inakoroma vilevile, na cha ajabu stesheni za ng'ambo inazishika kuliko za hapa. Hata redio nimeitilia shaka.

Sasa huyu Mashauri, yule wa malori, akaja na matembezi yake. Kapita kibanda kwa kibanda: "Jamani, ujirani mwema, tutembee, tuwaonyeshe sisi hatuna ugomvi." Fulana nyeupe bure. Vibendera viwili kila mtu, chetu na chao. Basi linaleta wageni kutoka kule, watalala kwetu, watakula kwetu. Baba, ukiona vyaelea vimeundwa, na mimi nikataka kumjua fundi. Nikamuuliza mbele za watu: "Mashauri, fundi wa haya ni nani, na udiwani unautaka lini?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Mama Neema, malori yangu yameota majani chini ya matairi. Nikinyamaza naoza pamoja na dagaa wako. Unataka sababu gani nyingine?"

Sikuridhika hata hivyo. Mtu anayekwambia ukweli haraka hivyo naye wa kuangaliwa.

Nilikwenda, basi. Sikwenda kwa undugu, nisikudanganye. Nilikwenda kuwatazama usoni. Nilisema kama kuna wavuvi kati yao nitawajua, na nikimjua aliyekufungulia mashine, siku hiyo matembezi yangegeuka mieleka. Fulana nilivaa juu ya gauni. Kibendera cha kwetu nilikishika juu, cha kwao nikakishikia chini kama mfagio.

Wageni walikuwa wachache kuliko kelele zilizowatangulia. Wamechoka na safari, viatu vina vumbi, wanacheka na kila mtu. Nikasema eti wanacheka nini. Kwenye kona ya kuingilia Furahisha, Mama Suzi akanivuta kanga. "Shoga, kuna mama wa Kenya anauliza watu. Anamtafuta mtoto mkubwa wa mzee Magesa, mvuvi aliyefia ziwani."

Nikajisemea, haya, wamekuja. Kuna kitu wanadai. Mtu hatoki Kenya kumtafuta mtoto wa marehemu kwa mazuri.

Akaja mwenyewe. Mwanamke wa rika langu, mrefu, kitambaa cha bluu kichwani, sauti kavu ya kuita boti. Akaniuliza kama namjua mtoto mkubwa wa mzee Magesa. Nikamjibu simjui. Ndiyo, Baba, nilikukana mchana kweupe na bendera mbili mkononi. Akasema asante, akapita. Halafu mimi nikamfuata nyuma kama mpelelezi, nijue anaulizia nini kwa wengine. Aliuliza mbeba mizigo, akauliza muuza miwa, akauliza mpaka askari. Kila mmoja akamwonyesha kwa kidole nyuma yake. Akageuka, akanikuta.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema.

"Inategemea unataka nini," nikamjibu.

Jina lake Mama Akinyi. Mumewe alishafariki, akamwachia mtumbwi mmoja, na vijana wake watatu ndio wanaovua nao. Ndio waliokuokota. Sikumpa hata kiti. Nikamtega kwanza, maana maneno kila mtu anayo. Nikamuuliza: kama mlimwokota, alikuwaje? Hakufikiri hata kidogo. Akasema ulivaa sweta ya kijani, imeshonwa kiwiko kwa uzi mweusi. Akasema ulikuwa umejifunga kamba kiunoni na ncha nyingine umeifunga kwenye dumu la njano, ndiyo maana hukuzama. "Huyo mzee alijua anakufa," akasema, "na alitaka apatikane."

Baba, kiwiko kile nilikishona mimi. Uzi wa kijani ulikuwa umeisha.

Hilo la dumu Mafuru hakuniambia. Labda hakuambiwa. Labda ndilo alilotaka kuambiwa pale getini. Lakini shetani wangu hakulala, nikamuuliza: na mashine? Yule mama akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye fulana ya bure. Akacheka, kicheko cha mtu aliyekasirika.

"Mashine iko chini ya ziwa na boti yake. Hebu fikiria. Kama ningekuwa na mashine yako, si ningekuwa nakukimbia? Ningekuja kukutafuta?"

Nikamuuliza basi umefuata nini huku kwetu, maana hotuba husikilizi. Akasema hotuba hazimhusu, ameomba nafasi kwenye basi kwa sababu hana njia nyingine ya kutufikia. Halafu akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Nimekuja kwa hii maneno ya mtumbwi. Tangu tumtoe mzee yenu, uko juu mchangani. Tumeufunika matete. Vijana wangu wanaenda kuvutia watu wengine nyavu, wanapewa samaki wa kuonja. Tulingoja mje, hamkuja. Tukatuma salamu na polisi, kimya. Nimeona nikuje mwenyewe nikuombe. Hata kama mmekasirika na sisi, njooni mumwambie baba yenu ashuke."

Nikaketi pale pale kwenye ukingo wa barabara. Watu wanapita wanaimba, mimi nimekaa kwenye vumbi.

Unakumbuka yule mtu wa Ukerewe? Nilikuwa darasa la pili, tukiwa bado Majita. Ulitoka kutegua nyavu, ukarudi na maiti umeifunika turubai. Baada ya watu kuitoa, ukauvuta mtumbwi juu mchangani ukaufunika matete. Mama akakuuliza tutakula nini sasa. Ukamwambia, "Mwenyewe bado amekaa humo. Nimkalie?" Tukala mihogo mitupu, hata chumvi ilikuwa ya kuazima. Mimi nikakuuliza, na wasipokuja ndugu zake? Ukanicheka. "Watakuja, mama. Nani atamwacha mzazi wake kwenye mtumbwi wa watu?" Na kweli wakaja. Mtoto wake mkubwa, msichana mwembamba, akachota maji ya ziwa kwa kibuyu, akaumwagia mtumbwi kuanzia mbele mpaka nyuma, akasema: "Baba, shuka. Nanyi nendeni mkavue." Jioni ile ile tulikula sato.

Desturi ile nilidhani ni yetu. Nilidhani ni ya watu wa pwani ile ya kwetu tu, haivuki maji. Hawa wa ng'ambo niliwaona wa kununua na kuuza, watu wa bei. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba kuna mtumbwi. Nilihangaika na mashine, Baba. Nimelala na mashine, nimeamka na mashine, na kumbe wewe umekaa kule kwenye mtumbwi wa watu, chini ya matete, unasikiliza kila gari linalopita kama ni letu.

Nililia. Sikulia hivyo hata siku ya mazishi. Mama Akinyi akakaa karibu yangu, akachukua kile kibendera chao nilichokuwa nakiburuta, akakipangusa vumbi kwa kitambaa chake, akanirudishia. Tulipoinuka nilikishika sawasawa na kingine. Huo ndio ukweli wa bendera, usimsikilize mtu mwingine akikuhadithia.

Hotuba sikuzisikia. Mashauri alinyanyua mikono, watu wakapiga makofi, watoto wakagombania maji. Nilipopita mbele yake akaniuliza, "Sasa umemjua fundi?" Nikamwambia bado nachunguza. Na kweli nachunguza. Yule mtu atagombea, niamini.

Mama Akinyi alilala kwangu. Nilimpikia sato, akaniambia nazidisha pilipili. Nilipomweleza mama yetu habari ya mtumbwi, aliinuka, akaenda kwenye mzigo wake wa Majita ambao hajaufungua tangu ahamie, akatoa kile kibuyu cha uji chenye ufa wa shingo. Akasema, "Ndiyo maana sijamwota." Kisha akarudi kuketi, akamwomba mgeni samahani kwa kichwa, bila maneno, na mgeni akamshika mkono.

Mafuru ndiye mgumu. Kwenye simu alifoka: watatuzuia mpakani, ni mtego, watadai fidia ya mtumbwi, dada umelogwa na fulana. Nikamwachia amalize. Halafu nikamwambia habari ya dumu na kamba. Akasema, "Alijifunga mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nitakuja."

Tunaondoka kesho na lile basi lao, tupitie Sirari. Mama anataka kwenda, miguu haitaki, kwa hiyo nitakuletea salamu zake. Sikufichi, Baba: nikifika kule nitachungulia nyuma ya nyumba yao. Ikiwepo mashine, nitaijua. Utanicheka, lakini wewe ungechungulia kabla yangu.

Nikishachungulia, nitashuka ziwani. Nitavua viatu. Nakuahidi sitamtuma Mafuru wala mtu yeyote, mkubwa ni mimi, na maji nitayachota mimi. Nitaondoa yale matete kwa mkono wangu, nitaumwagia ule mtumbwi kuanzia mbele mpaka nyuma, ufa wa kibuyu nitauziba kwa kiganja. Wale vijana watakuwa wamesimama, wamengoja vya kutosha.

Kwaheri, Baba. Nisamehe kuchelewa, na usinijibu marahaba leo, nihifadhie. Kesho ukisikia sauti ya mwanamke inakuita huko ugenini, usiitilie shaka. Ni mimi. Inuka, shuka, uwaache wakavue.

Mwanao mkubwa,
Rebeka