Uvimbe Alioubeba Wifi

Wodi ya Upasuaji ya Wanawake,
Kitanda cha dirishani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo wewe na magoti yako? Wajukuu wamepona kikohozi? Mimi naendelea vizuri. Nina plasta kitovuni na pembeni, nikicheka panavuta, na nimecheka sana wiki hii.

Najua mama amekusimulia nusu kwenye simu kwa kuona aibu. Mimi aibu sina. Hasira niliyokaa nayo miezi yote hii, leo acha niitue kwako.

Tumbo langu lilianza kujitokeza mume wangu akiwa safarini na lori. Wifi, dada yake mwenye saluni, hakuniuliza hata siku moja kama naumwa. Kila kichwa alichosuka alikijaza habari: mke wa kaka yangu ana mimba, na kaka mwenyewe hayupo. Mume aliporudi, maneno yalikuwa yamemtangulia. Alibeba begi lake akahamia kwa dada yake, bila kukaa hata kitini.

Niliwapelekea picha ya kipimo inayoonyesha uvimbe kwenye kizazi. Wifi aliishika kwa ncha za vidole, akasema siku hizi picha za kompyuta hata mtoto anatengeneza. Shangazi, niliapa palepale. Picha hamuitaki? Basi mtauona wenyewe! Wewe nawe ni wifi wa mama, lakini hukumfanyia hivi hata siku mliyogombana.

Daktari wangu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alisema atatumia matundu madogo, na kamera, na vyuma vyembamba. Nikamuuliza, dude lote hili litapita wapi? Akasema hapo ndipo penye kazi, kwani kuung'oa ni rahisi kuliko kuutoa. Atautia kwenye mfuko imara humo humo tumboni, avute mdomo wa mfuko mpaka kitovuni, kisha aukate ndani ya mfuko na kuutoa vipande vipande. Bila mfuko, chembe zinaweza kudondoka tumboni na kuota upya.

Vipande! Nilinyong'onyea. Mimi niliutaka mzima, niuweke juu ya meza ya saluni mbele ya vioo vyake vyote. Nikamwambia anipasue utoke kama ulivyo. Akasema inawezekana, ila atanichana tumbo, nitakaa muda mrefu bila kuinua hata ndoo, na kovu litabaki. Akataka kujua sababu, nikamweleza yote. Akavua miwani.

"Mama, kovu litakuwa lako. Huyo wifi yako atakusaidia kulibeba?"

Kweli nichanwe mimi kwa ajili ya mdomo wake? Nikakubali matundu madogo. Usidhani nilisamehe, Shangazi. Nilibadilisha njia tu.

Hapa kinachotolewa tumboni hupelekwa maabara na ndugu wa mgonjwa, kwa mikono yake. Nesi alipouliza nani aitwe, mama aliinua mkono. Nikamwambia aushushe. Nikamtaja wifi, nikatoa na namba yake ya simu.

Akaja, tena na wateja wake wawili, wamejipamba kama wanaenda kupokea mtoto. Mume wangu alikaa mwisho wa benchi. Mama aliona yote, nami nimemfanya anisimulie mpaka amenichoka. Nesi alitoka akaita ndugu wa mgonjwa, akampa wifi chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, kizito, vipande vyeupe tele. Wifi akarudi nyuma. Nesi akamwambia ashike vizuri kisimwagike. Akavuka nacho korido nzima, mume wangu na wale wateja wakimfuata.

Karani wa maabara hukaa dirishani, nyuma ya kioo kinene. Akauliza kimeletwa nini. Wifi akanong'ona.

"Sisikii, dada! Ni nini hiki?"

"Uvimbe!"

"Umetolewa wapi?"

"Kwenye kizazi cha wifi yangu!"

Foleni nzima iligeuka. Mama anasema mume wangu alijifunika uso. Nimefurahi, Shangazi, sikufichi, nimefurahi mpaka mshono ukauma.

Jana mume wangu alikuja na machungwa, anauliza arudi nyumbani lini. Nikayala machungwa yake, nikajifuta mikono, ndipo nikamjibu. Atarudi dada yake akishamaliza kupita kwa kila mteja aliyemwambia nina mimba, na kusema alichokisema dirishani, kwa sauti ile ile. Na yeye afuatane naye, begi lake mkononi. Akiona ni mbali, abaki huko huko. Nyumba yangu inafungika vizuri kwa ndani.

Nisalimie wajukuu, na jirani yako fundi viatu, na binamu zangu wote. Mungu akutunze, akupe miguu ya kuja kuniona, na akuepushe na ndimi za watu.

Ni mimi mwanao nikupendaye, unayeniita Pilipili.

Nilitaka kusahau: daktari anasema hakuona dalili mbaya, ila majibu ya maabara yatatoka Ijumaa, na yatasomwa palepale dirishani. Nesi ameniuliza nani aitwe kuyachukua. Nimempa namba ile ile.