Ngege wa Baba Mkwe

Kitale,
Jumatano jioni.

Mama Wafula,

Mulembe. Natumaini mlirudi Myanga salama na mtoto ananyonya vizuri. Mgongo umepoa? Wafula amemkubali dada yake ama bado ananuna? Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sijui.

Jumapili nilipofika hospitali kule Lugulu, uligeukia ukuta. Neno uliloniambia ni moja tu: "Samaki wako hawajambo?" Mama yako alikuwa ameketi kando ya kitanda, na wewe unajua mila hainiruhusu kukaa chumba kimoja na mama mkwe, kwa hivyo nilimtazama binti yangu kutoka mlangoni kama mpita njia, nikaondoka. Sasa nakuandikia. Soma mpaka mwisho, halafu ukasirike ukitaka.

Nilikwambia Krismasi kwamba daktari wetu wa meno alinunua tangi la kioo kutoka kwa familia ya Wahindi waliohamia Uingereza. Aliliweka pale wagonjwa wanapongojea, ili mtu anayeogopa kung'olewa jino atazame samaki asahau. Na kweli walisahau. Walikuwa samaki wa rangi ya dhahabu, wanene, wa polepole, mikia inaburuzika nyuma yao kama mapazia. Hawakuwa na ugomvi na mtu. Kazi yangu ni kuita wagonjwa na kuchemsha vyombo, lakini kuwalisha pia kukawa kwangu. Sikunung'unika.

Shida ililetwa na baba mkwe wa daktari. Huyu ni mzee wa Kimilili aliyechimba bwawa la samaki shambani kwake. Ngege wake wa kwanza walipokua, alikuja nao watatu kwenye ndoo, wazima, wanarusha maji. Alimwambia mkwe wake, "Nimewaletea samaki," akanywa chai, akaenda. Wale wawili hawaongei zaidi ya hapo. Kila mmoja hutazama upande wake kwa heshima.

Daktari aliitazama ile ndoo muda mrefu. "Wanjala, mzee amewabeba kutoka Kimilili wakiwa hai. Angetaka wafe si angewaua huko kwake?"

"Kwa hivyo tufanye nini?"

"Wataingia kwenye tangi. Awaone kila akija."

Nikamwuliza kama wataelewana na wale wengine. Akasema, "Samaki ni samaki, bana. Maji ni yale yale."

Siku ya kwanza walitulia. Kesho yake yule mkubwa akaanza kuchimba. Anabeba kokoto kwa mdomo, anazitema kando, mpaka akajitengenezea shimo kubwa katikati na kujigawia nusu ya tangi. Mwenzake akikaribia, anapigwa. Aliwapiga wale wawili aliokuja nao mpaka wakafa, halafu akageukia wa dhahabu. Ile mikia mizuri ikabaki kama mifagio iliyochakaa. Wakajibana nyuma ya mpira wa pampu ya hewa, wanahema, hata chakula hawakifuati. Anakula chote yeye, ananenepa. Wagonjwa wakamwita Chifu.

Mama Wafula, sijawahi kuchoshwa na kiumbe namna ile. Daktari alisema nimshibishe ili atulie. Nikamshibisha, akapata nguvu zaidi. Akasema niweke chungu ili wanyonge wajifiche ndani. Chifu akaingia kwenye chungu, akakifanya nyumba yake. Nikagawanya tangi kwa waya, akachimba chini ya waya akapita. Mwisho nikamhamishia kwenye beseni kule ndani, na siku hiyo hiyo akaruka, akamwangukia miguuni mwalimu mmoja aliyekuwa kwenye kiti na pamba mdomoni. Mwalimu aliruka kuliko samaki. Daktari akaniamuru nimrudishe kwenye tangi.

Halafu mzee akapita kutusalimia. Alisimama mbele ya kioo, akakunja uso, akauliza, "Kumbe huyu bado yuko?"

Daktari akajibu haraka, "Yuko, Baba. Anatunzwa vizuri sana."

Mzee akatikisa kichwa, akaenda. Daktari alibaki akijipangusa jasho. "Umesikia? Anawakumbuka! Wawili wamekufa mikononi mwangu. Huyu naye akifa, nitamwambia nini?"

Tangu hapo nikawa askari wa samaki. Nilipewa mwiko mrefu, nikawa napiga kioo kila Chifu anapomkimbilia mwenzake.

Sasa ile Jumamosi. Nesi alipiga simu kutoka Lugulu, akasema uchungu umeanza. Niliomba ruhusa papo hapo. Daktari akanishika mkono. "Wanjala, tafadhali. Mzee anakuja leo na ndugu zake, na lazima watatazama tangi. Wakikuta vita humu ndani, uso nitauficha wapi? Wakiondoka tu, na wewe uende."

Nikakaa, nikamwambia nesi akwambie kwamba samaki wamenichelewesha. Nilidhani watakuja mapema. Saa sita ikapita, saa nane ikapita, na mimi nimesimama na mwiko mkononi, nikijua uko huko unalia. Nilikuwa na hasira mpaka meno yangu mwenyewe yakaanza kuuma.

Walipoingia jioni, benchi lilikuwa limejaa. Kasichana kamoja kalikovimba shavu kalikuwa kameegemea kioo. Chifu akatoka shimoni kama risasi, akamkamata mmoja wa wale wa dhahabu mkiani, akamzungusha na kumpiga kwenye kioo mbele ya macho ya yule mtoto. Mtoto akapiga yowe, akatoka mbio, mama yake nyuma, na benchi zima likasimama.

Mwiko nikautupa chini. Nikamwambia yule mzee, mbele ya watu wote, "Mzee, mke wangu yuko hospitali Lugulu anajifungua saa hii, na mimi niko hapa nachunga samaki wako. Niambie, huyu samaki nimfanye nini?"

Mzee alinitazama. Halafu akamtazama mkwe wake, safari hii usoni kabisa.

"Kwani hamkuwakaanga?"

Akanyosha kidole kwenye tangi.

"Mimi niliwaleta wazima ili wasioze njiani. Jua lilikuwa kali. Kila nikija najiuliza, hawa watu hawali samaki?"

Daktari alikaa kwenye benchi la wagonjwa kama anayengoja kung'olewa. Ndugu za mzee walicheka mpaka wakatoka nje. Mimi sikucheka. Kumkaanga Chifu, hakuna aliyetaka tena, kwa hivyo mzee akamrudisha bwawani kwake kwa ndoo yetu. Simu ikalia tena: msichana, na mama mzima. Nilikimbia stendi, magari yalikuwa yameisha. Ndiyo maana nilikuja asubuhi, na wewe ukaniuliza habari za samaki.

Basi hawajambo. Adui yao ameondoka, tangi lote ni lao, na bado wamejibana nyuma ya ule mpira. Nawawekea chakula hapa, wananitazama kutoka kule. Nimewaacha.

Nisalimie mama yangu, umwambie dawa ya kifua nimepata. Msalimie ndugu yangu Barasa anayekusaidia ng'ombe, na mama yako pia, kwa heshima zote, kupitia kwa mtu mwingine. Barua hii naipeleka kwa mkono wa jirani anayekuja huko kesho.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini daktari ameingia sasa hivi, uso unang'aa. "Wanjala, kuna mtu Bungoma anauza kambare wadogo. Ati ni wapole sana!"

Ameenda kunawa mikono, na mimi nimeweka funguo zote juu ya meza yake. Ijumaa nitakuwa Myanga. Ruhusa sijaomba. Akitaka kunifukuza, atanifukuza nikiwa nimembeba binti yangu.

Ni mimi mume wako,
Baba Wafula