Vipimo Kumi na Vinane vya Kimya

Jumatatu, 4 Machi
Tumepewa kwarteti mpya, muziki wa watu wanne! Aliyeitunga ni yule bwana wa muziki wa filamu, zile za watu kuchinjana. Hii haina picha — vayolini mbili, viola na selo tu. Lakini damu iko palepale. Sehemu ya tatu tunageuza upinde na kuzipiga nyuzi kwa mti wake. Mwalimu kasema tutumie pinde mbovu, nzuri zitachubuka. Ijumaa mtunzi anakuja kutusikiliza. Tukimridhisha, anaturekodi.

Dada yuko kwenye selo, ile kubwa ya kusimamisha sakafuni. Mimi viola, ile inayozidi vayolini kidogo. Jenerali ndiye vayolini ya kwanza — jina kajipa mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi
Kuna mahali viola inanyamaza vipimo kumi na vinane, kila kimoja mapigo manne. Unahesabu tu. Nikaingia kwenye cha kumi na saba. Mwalimu hayupo — Jenerali kanichapa upinde vidoleni. Eti viziwi wakapige makopo. Nikacheka. Mimi mwenyewe!

Jumatano, 6 Machi
Kidole kimevimba. Mama nimemwambia ni mlango.  Baadaye dada kamfuata Jenerali koridoni: “Mguse tena uone.”

Alhamisi, 7 Machi
 Niliingia mapema tena. Jenerali kanipiga shavuni, kwa mti wa upinde. Dada akamrukia. Viti, stendi, nywele. Yule wa vayolini ya pili akatoka mbio kumwita mwalimu. Jenerali kamkaba dada koo, kambana ukutani, dada macho yamemtoka. Selo chini, kile chuma chake cha kusimamia kimechomoka. Nikakiokota. Nikamchoma pajani kwa nyuma. Mara mbili. Ya pili haikuwa na haja — alishamwachia.

Ile ya pili niliipenda.

Mwalimu anaingia, chuma kiko mkononi mwa dada. Dada kaninyang’anya, wala sikuhisi.

Ijumaa, 8 Machi
Benchi la nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Jenerali kashonwa nyuzi tisa, hajui nani kamchoma. Mtunzi yuko ukumbini, anapewa chai. Dada yuko ndani, namsikia: “Ni mimi.” Anafukuzwa leo. Asubuhi kaniambia nifunge domo, yeye shule atapata nyingine.

Mlango umefunguka. Mkuu anataka niingie, nieleze nilivyomwona dada akichoma. Kaniuliza naandika nini. Nimesema namalizia sentensi. Kanyoosha mkono, anasubiri daftari, na dada nyuma yake anatikisa kichwa, anatikisa