Unene Mlioushangilia

Wodini, Moshi mjini
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Kifua chako kinasemaje na baridi hii? Na yule ng'ombe, ameshazaa? Mimi nipo, namshukuru Mungu. Mjukuu wako Lucky ameota jino, akicheka analionyesha kama anayedai zawadi. Barua hii nimempa kaka Martin akuletee hapo Kwa Sadala, maana kwenye simu ungelia nisimalize.

Mama, unakumbuka siku niliyotolewa nje baada ya kufungiwa ndani kwa uzazi, mlipopanda Old Moshi wewe na shangazi? Mama mkwe alinivalisha kitenge kipya akanisimamisha mbele ya wageni. Shangazi akasema huyu sasa ni ndama wa kufungiwa, mlango itabidi upanuliwe. Mkacheka wote. Wewe ulinishika shavu, ukamshukuru mama mkwe kwa mtori na supu na mlaso wa damu, ukasema hakika mwanao kalishwa. Na mimi nimesimama pale natafuta pumzi. Nilitaka kukunong'oneza kwamba siwezi kulala chali, kwamba kutoka mgombani hadi mlangoni lazima nikae chini. Lakini ulikuwa na furaha, na mzazi anayelalamika huku analishwa huambiwa hana shukrani.

Nilivyozidi kuvimba ndivyo mama mkwe alivyozidi kunipakulia. Nilipomwambia viatu havinienei, alisema kwake hajawahi kutoka mzazi mwenye miguu ya kuku. Mume wangu Isack akajisifu kwa wenzake. Hakuna hata mmoja aliyenibonyeza mguu. Angebonyeza, angeona shimo linabaki.

Aliyeliona ni muuguzi, siku nilipompeleka Lucky chanjo. Akanileta huku mjini. Daktari Ummy, binti mdogo tu, alitazama mishipa ya shingo yangu, akanitoa damu. Aliniambia moyo ukielemewa humwaga kitu fulani kwenye damu, na kwangu kilikuwa kimepanda mno. Kipimo cha picha kikaonyesha ni upande wa kulia, ule unaosukuma damu kwenda mapafuni. Umetanuka, umechoka. Ule unene ulikuwa maji, mama. Maji! Mlikuwa mnanishangilia ninazama.

Nina uchungu, sikufichi. Juzi mama mkwe alikuja na chupa ya supu, muuguzi akaizuia kwa ajili ya chumvi. Alilia, akasema wananiua kwa njaa. Nikashindwa kumchukia, na hilo nalo linaniuma.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Daktari amesema nisibebe mimba nyingine, nikibeba, Lucky atalelewa na wengine. Isack alitoka nje, akarudi macho mekundu, akasema Lucky anatosha. Lakini mama mkwe hajui, na jina la mtoto wa pili ameshalitaja. Nakuomba uende ukamwambie wewe. Ulimshukuru mbele za watu, kwa hiyo atakusikiliza.

Dawa zinanikubali. Usiku nalala, na vifundo vya miguu vimeanza kuonekana, hata nimewaonyesha wagonjwa wenzangu kama Lucky na jino lake. Nikitoka nitakuja kwako nimekonda, mifupa ya mabega iko nje. Shangazi asiseme nimenyimwa chakula. Na wewe mama usilie. Nibonyeze mguu kwanza, ukikuta hakuna shimo, piga vigelegele.

Msalimie shangazi, na nyumba nzima. Lucky anakuamkia.

Mwanao akupendaye,
Aikande